Mpangilio Niliomtunzia Dada

Kwetu Kirua Vunjo kigoda kilikuwa na mahali pake. Kigoda, ndoo ya maji, panga, kamba ya ng'ombe, viatu vya baba vya kanisani, kila kitu. Surua ilimpofusha dada yangu akiwa na miaka saba, kabla mimi sijazaliwa, na tangu siku aliporudishwa kutoka hospitali mama alipiga marufuku kuhamisha chochote. Niliikuta sheria hiyo kama nilivyoikuta migomba. Nilichapwa mara moja tu, kwa kuacha jembe mlangoni, na fimbo ile ilinitosha. Hadi leo nikiingia kwenye nyumba ya watu nikakuta kiti katikati ya njia, mkono wenyewe unakisogeza.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu kaka wakubwa hukatiwa viwanja vyao wakajenga, na nyumba ya baba humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, pamoja na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, na kila anayebaki ndani yake. Baba alipofariki nilirithi mama, ng'ombe wawili na dada. Nasema nilimrithi dada, na najua neno hilo lilivyo baya. Wakati huo yeye alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari Mkuu, kule Rombo, ana mshahara wake na nyumba yake ya walimu, na mimi sina hata meza. Lakini ndivyo nilivyojiona, na hakuna mtu katika ukoo aliyeniambia vinginevyo.

Kompyuta nilijifunza Moshi mjini, kwa kutengeneza zilizoharibika. Baadaye tulifungua karakana, mimi na mwenzangu, mwanamke wa Kwa Sadala aliyenizidi akili na subira. Humo ndimo tulimotengeneza mfumo endeshi wetu. Neno ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Mfumo endeshi ni ile programu ya chini kabisa inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Sisi hatukuuandika kuanzia mwanzo. Tulichukua mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, tukawa tunauita mradi mama, tukaongeza ya kwetu: sauti inayosoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiswahili, na njia ya kufanya kila jambo kwa kibodi bila kugusa kipanya. Shule chache za mlimani zenye wanafunzi wasioona ziliutumia. Ukweli ni kwamba niliutengeneza kwa ajili ya mtu mmoja.

Dada nilimfundisha kuandika amri na kusikiliza jibu. Nilimwambia folda hii ina programu za lazima, zile ambazo bila hizo kompyuta haiwaki, na folda ile ina zilizobaki. Alizikariri folda zile kwa wiki moja. Kisha akaanza kutunga amri zake mwenyewe, ya kupanga alama za wanafunzi, ya kumsomea habari za asubuhi, ya kumkumbusha misa, na akaziweka humohumo kwenye folda hizo mbili, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hapaswi kuweka kitu. Fundi mwenye akili zake angemkataza. Mimi nilifurahi, nikamwachia.

Halafu mradi mama wakatangaza kwamba folda zile mbili zinaunganishwa. Sababu ya kuzitenganisha ilikuwa imekufa zamani. Diski za enzi hizo zilikuwa ndogo, programu zote hazikuenea pamoja, zikagawanywa; diski zikakua, mgawanyo ukabaki kwa mazoea. Sasa kila programu ingekaa kwenye folda moja, na pale ilipokuwa folda ya zamani wangeacha kiungo, kitu kidogo kinachokupeleka mahali papya hata ukiandika jina la mahali pa zamani. Mifumo mingine iliyotokana na mradi huo ilianza kufuata. Na wetu ulitakiwa uamue.

"Tufuate," mwenzangu alisema siku hiyohiyo. "Viungo vipo. Hakuna atakayejua kama kuna kilichohama."

"Na vitu viwili vyenye jina moja vikikutana kwenye folda moja?"

"Tutavitafuta kabla. Tutabadilisha jina."

"Na umeme ukikatika katikati ya kuhamisha? Kompyuta haiwaki tena. Unaujua umeme wa kwetu."

"Zote zina betri," alisema. "Sema sababu yako ya kweli."

"Watumiaji wetu wamezoea."

"Dada yako umemwuliza?"

Nikamwambia dada hana haja ya kusumbuliwa na mambo ya mafundi.

Hoja zangu zilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Si kila kinachoamuliwa mbali kinafaa kubebwa kama kilivyo. Mradi mama waliwahi kubadilisha jambo moja dogo, sauti yetu ikawa bubu mwezi mzima, na tulipolalamika wakatujibu kwa upole kwamba hawakujua kama kuna mtu anatumia kitu hicho. Mfumo mdogo una haki ya kuuliza kwa nini, na kungoja wengine wajikwae kwanza. Lakini mtu anayengoja hujua anangoja nini. Mimi nilikuwa nakataa, basi.

Kukataa kulikuwa na kazi yake. Kila programu mpya iliyotoka kwa mradi mama ilikuja imepangwa kwa mpangilio mpya, nami niliirudisha kwenye mpangilio wa zamani kwa mkono, moja baada ya nyingine. Jumamosi zangu ziliishia humo. Mwenzangu alinionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwamba ukuta najenga mwenyewe, yeye asishike tope. Hakunisemesha siku mbili, na ilikuwa haki yake.

Katikati ya ubishi huo dada alipata zawadi. Rafiki yake aliyesoma naye shule ya wasioona, ambaye sasa yuko Dar es Salaam, alimletea mashine ya nukta nundu. Ni ubao mwembamba unaokaa mbele ya kibodi, una vijinukta vinavyoinuka na kushuka, na mtu asiyeona huyasoma kwa vidole maandishi yaliyoko kwenye skrini. Pembeni una vitufe vidogo vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Dada alinikabidhi boksi lake akiwa anacheka. Aliniambia amechoka kusomewa, anataka kusoma.

Mashine ilihitaji programu mpya. Programu hiyo nayo ilitegemea vitu vya mradi mama ambavyo vilikuwa vimeacha kuutambua mpangilio wa zamani. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Mwenzangu aliiunganisha kwenye kompyuta yake ya majaribio, aliyokuwa ameihamisha kwenye mpangilio mpya bila kuniuliza, na nukta zikainuka palepale. Nilimwona akizipitishia kidole. Kisha akaichomoa, akaniwekea mezani.

Dada alipiga simu wiki hiyo. "Vipi mashine yangu?"

"Ina hitilafu kidogo, dada. Naishughulikia."

Mashine haikuwa na hitilafu yoyote. Niliirudisha kwenye boksi lake, nikaiweka kabatini, na juu yake nikaweka boksi la nyaya. Alipouliza tena nilisema kuna kipuri kinasubiriwa. Alipouliza mara ya tatu nikasema hivyohivyo. Halafu akaacha kuuliza, nami nikajiambia amesahau. Dada yangu hajawahi kusahau kitu. Nilijiambia pia kwamba ana sauti na sauti inamtosha, na kwamba nikisema ukweli itabidi nivuruge kila alichokariri. Nilijiona ndugu mwema. Natamani ningekuwa nimefanya kwa uvivu, maana uvivu ningejua namna ya kuutubia.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia. Ijumaa moja mchana nilipanda Mkuu kumtembelea, na nikiwa bado barabarani nikaisikia sauti ya kompyuta, ile niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Wanafunzi walikuwa wamejipanga chini ya dirisha la dada. Alikuwa anapanga alama za mtihani wake na kompyuta inamsomea, jina na alama, jina na alama, kwa nguvu kama spika ya mkutano. "Kumi na tisa," sauti ilisema, na msichana mmoja akajifunika uso na sweta. Niliwafukuza kwa hasira kubwa kuliko kosa lao.

Nilipoingia ndani, dada alikuwa amenipa mgongo. "Shikamoo, dada," nikasema. Nikasema tena. Mara ya tatu nilimgusa bega, akashtuka karibu aangushe kompyuta.

"Marahaba. Mbona unaingia kimyakimya kama mwizi?"

Nilitazama alipoweka kitufe cha sauti. Kilikuwa mwisho kabisa.

Katika hospitali ya Moshi daktari alituambia kwamba mishipa ya kusikia inakufa na hakuna dawa ya kuirudisha. Alikuwa kijana mwenye adabu, akaniomba nimweleze mgonjwa mwenyewe kwa sababu yeye hasikiki. Nilimwinamia dada sikioni nikasema kwa nguvu, na benchi zima la nje likaujua ugonjwa wake. Dada aliuliza itachukua muda gani mpaka asisikie kabisa. Daktari alisema hajui.

Tulikaa kantini ya hospitali tukanywa chai. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alisema, kama mtu anayejisemea, "Ile mashine ingekuwa nzima, ingenifaa sasa."

Nikamwinamia. "Kipuri bado, dada."

Sina neno la kuitetea siku hiyo. Nilikuwa nimeshadanganya sana, na kusema ukweli kungekuwa kusema pia nimedanganya tangu lini. Niliogopa sura yake. Niliogopa sura ya mtu asiyeniona.

Desemba tulirudi nyumbani wote, kama kila mwaka, na siku mbili baada ya Krismasi ukoo ulikaa kikao uani. Kaka zangu walileta hoja ya kubomoa jiko la nje la mama, la mbao na mabati yaliyooza, na kujenga jipya litakaloungana na nyumba. Mama alisema kwake yeye ni sawa. Aliyesimama kupinga ni mimi. Nilisema nyumba ile nimeachiwa niitunze, na dada anaijua kwa hatua, kuhamisha jiko ni kumpofusha mara ya pili. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Baba mdogo akasema nimeongea maneno ya mtu mzima. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka na hoja ikafungwa.

Dada alikuwa ndani ya jiko hilohilo, anamenya ndizi za mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Nilimfuata nikamwambia sikioni walichoamua na nilichosema mimi. Kwa kweli nilimwambia kwa fahari.

Aliacha kumenya. "Nani kawaambia sitaki jiko jipya?"

"Dada, hapa unapajua."

"Napajua! Kizingiti hiki kimening'oa kucha tangu nina miaka saba. Mvua ikinyesha navuka ua kwenye tope na sufuria mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeingia humu kuniuliza?"

"Mama alikataza kuhamisha vitu. Kwa ajili yako."

"Aliwakataza ninyi," dada alisema. "Yeye alihamisha kila wakati. Alihamisha kabati, alihamisha kitanda changu, alihamisha choo! Ananishika mkono, ananipeleka, ananionyesha, basi, imekwisha. Ninyi mlikatazwa kwa sababu mlikuwa mnahamisha bila kusema."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na maisha yangu yote nilikuwa nimeishika sheria ya mama kwa upande usio na mpini. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka baba mdogo akaja kuniuliza kama mbege imenizidi. Nikarudi kikaoni nikaomba hoja ifunguliwe upya na dada aitwe. Walinicheka sana. Jiko likapitishwa, na mlango wake ukakaa pale alipotaka yeye.

Hata hivyo sikumwambia habari ya mashine siku ile. Nilitaka niende nayo ikiwa inafanya kazi.

Tulipofungua karakana Januari nilimwambia mwenzangu tufuate mradi mama. Sikumsikia akisema, "Nilikwambia." Alivuta droo, akatoa daftari ambamo hatua zote zilikuwa zimeandikwa zamani kwa mwandiko wake mzuri. Kazi ilituchukua siku nne. Tulizima umeme wa ukutani makusudi katikati ya kuhamisha, betri ikabeba, kompyuta ikawaka. Nilikuwa na nakala ya kila alichonacho dada kwenye kompyuta yake, nikaihamisha nayo. Katika amri zake zote mbili tu ziligongana majina na nyingine. Zilizobaki ziliitika palepale alipozizoea, kupitia viungo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikaa nikiitazama skrini. Mwenzangu aliniletea soda, akaenda zake nyumbani.

Nilipanga kupanda Mkuu Jumamosi. Alhamisi mwalimu mwenzake akanipigia simu. Alisema dada ameamka hasikii kitu, hata kengele ya shule, na mkuu wa shule amempa mapumziko mpaka ijulikane kama ataweza kuendelea kufundisha. Alisema amekaa tu nyumbani, kompyuta ameizima.

Nilimkuta kwenye kiti chake, mikono mapajani. Niliushika mkono wake ajue ni mimi, akanijua kwa kovu la kidole. Niliiweka mbele yake kompyuta niliyokuja nayo, yenye mpangilio mpya na nakala ya vitu vyake, nikaiweka mashine, nikavichukua vidole vyake nikaviweka juu ya nukta. Kisha nikaandika: Shikamoo dada.

Vidole vilitembea, vikasimama. "Marahaba!" alisema kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa hakujisikia. Akacheka, akapapasa ubao wote kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayempapasa mtoto mchanga uso. "Kumbe imepona. Kipuri kimefika!"

Ningeweza kuandika ndiyo. Lilikuwa neno moja, na angeamini, na mwenzangu asingenisaliti.

Niliandika: Haikuwa na hitilafu. Nilikudanganya. Ilitaka nihamishe folda zako na mimi nikakataa. Sikukuuliza.

Alisoma polepole. Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena. Uso wake haukubadilika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Tangu lini?"

Niliandika: Tangu ulipoileta.

"Miaka miwili," alisema. Sauti safari hii ilikuwa ndogo, sijui aliipimaje. "Miaka miwili hiyo nilikuwa nasikia, mdogo wangu. Ungenieleza kwa mdomo huku mimi nabonyeza."

Niliandika nisamehe. Hakuwa ameweka vidole, hakulisoma. Alikaa mikono yake ikiwa hewani kidogo juu ya mashine, na nikadhani ataisukuma ianguke, na ningemwacha. Nje kengele ya mapumziko ililia na watoto wakatoka madarasani wakipiga kelele. Yeye hakugeuza kichwa. Nililia bila kujificha, maana hakukuwa na wa kumficha.

"Jumatatu nataka kuingia darasani," alisema hatimaye. "Mwanafunzi ataandika swali lake hapo, mimi nitalisoma hapa. Nifundishe."

Alipeleka mkono pembeni kwenye vile vitufe vidogo, akavihesabu kwa ncha ya kidole, akasimama kwenye kimoja na kukikandamiza kidogo ili nikione.

"Hiki kinafanya nini?"

Nilifungua mdomo kujibu. Nikaufunga, nikaandika. Akaondoa kidole kwenye kitufe ili asome jibu langu, akalisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Aliporudisha kidole pembeni, kile kitufe hakukipata tena kati ya vingine.